Kimya cha Chini ya Mwembe

Jumamosi ile nilifika kwenye chanzo cha maji kabla ya saa 12 asubuhi, nimevaa buti, filimbi shingoni, daftari la majina kwapani. Siku mbili nilikuwa nimepima njia ya mtaro wa bomba la maji kwa kamba na vigingi: kila kaya mita tatu, kina cha magoti. Nikapuliza filimbi, nikasubiri. Nikapuliza tena. Hadi saa 2 walikuwa wamefika watu 11, na wanne kati yao ni wazee kuliko mimi. Mmoja alikuja na fimbo tu, jembe hana. Kijiji chetu kina kaya zaidi ya 300.

Mzee wa fimbo akaviangalia vile vigingi vilivyonyooka mstari mmoja hadi mteremkoni. "Mwanangu, umepanga vizuri," akasema. Kisha akakaa kivulini penye migomba, na hakuongeza neno.

Nilikuwa na miezi miwili kwenye uenyekiti wa kijiji. Kabla yake nilikuwa na miaka 26 jeshini.

Kwetu ni wilaya ya Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, njia ya kupandia Amani. Machungwa yako chini, mdalasini na iliki huko juu. Maji tunayaona yakitupita: Mto Zigi unashuka kutoka milimani hadi bwawa la Mabayani, na hapo ndipo Tanga mjini wanapopata maji yao ya bomba. Sisi tunaolala karibu na chemchemi tulikuwa tunateka kwa ndoo. Watu wa kwetu hulisema hilo wakicheka, ila ukiwasikiliza vizuri unajua si kicheko.

Niliondoka hapo mwaka 1989 kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kambi ya Oljoro, Arusha, na mwaka uliofuata nikachukuliwa jeshini, JWTZ. Nilistaafu 2016 nikiwa Afisa Mteule Daraja la Pili. Miaka ya mwisho nilikuwa sajini meja wa kombania. Kwa asiyejua kazi hiyo: sajini meja ndiye anayejua nani hakulala hangani, nani anaumwa kweli na nani anajiumisha, buti la nani limetoboka. Amri inatoka kwa mkuu wa kombania, lakini mwenye kuifikisha hadi kitandani kwa askari ni wewe.

Na gwaridani, amri ikishatoka, kuna kimya. Askari mia wamesimama, hakuna kikohozi, kinachosikika ni kamba ya bendera inagonga mlingoti. Kimya kile ukikisikia unajua kazi imeshafanyika, bado mikono tu. Nilikipenda, na sioni haya kusema hivyo. Tatizo ni kwamba nilirudi kijijini nikiwa najua kimya cha aina hiyo moja.

Siasa sikuwa nazo kabisa. Katiba, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, na mimi katazo hilo halikuwahi kuninyima usingizi. Vyama vingi viliporudi 1992, wakubwa waliokuwa na mguu mmoja jeshini na mwingine kwenye siasa ilibidi wachague. Jakaya Kikwete aliacha jeshi mwaka huo akiwa Luteni Kanali, na tunajua alikofika. Mimi wakati huo nilikuwa sina hata tepe moja ya cheo begani, sikuwa na cha kuchagua. Lakini uenyekiti wa kijiji unataka udhamini wa chama, mgombea binafsi hayupo, kwa hiyo wazee waliponifuata nikakata kadi ya kwanza maishani mwangu nikiwa na miaka 49.

Uchaguzi ulikuwa tarehe 24 Novemba 2019. Nasema uchaguzi, lakini kwetu nafasi ya mwenyekiti haikupigiwa kura. Wagombea wa upande wa pili walienguliwa kwenye fomu, vyama kadhaa vya upinzani vikajitoa nchi nzima, nami nikatangazwa nimepita bila kupingwa. Watu wakanipongeza, na mwenyewe nikajipongeza. Hasara yake niliiona baadaye. Sikuwa nimepiga hodi kwenye mlango hata mmoja kuomba kura. Anayeomba kura hukalishwa barazani, hupewa maji, huambiwa ya mwaka huu na ya miaka kumi iliyopita, hata kama hapewi kura yenyewe. Mimi nilipata cheo kama nilivyozoea kupata vyeo, kwa kutangaziwa.

Basi Januari 2020 nikaitisha mkutano mkuu wa kijiji. Huo ni mkutano wa kila mwanakijiji aliyetimiza miaka 18, na unatakiwa ukae angalau kila miezi mitatu. Tulikaa chini ya mwembe wa shule. Wanaume mbele kwenye madawati, wanawake nyuma kwenye mikeka, vijana wamesimama pembeni karibu na baiskeli zao, tayari kuondoka. Meza ya mbele tulikuwa mimi, mtendaji wa kijiji na wazee wawili. Nikasema kwa dakika 40. Maji yatoke kwenye chemchemi kwa mserereko hadi kwenye vilula vinne, yaani vituo vya kuchotea maji, bomba tutapata, nguvu kazi ni yetu, mtaro tunachimba kwa msaragambo. Jumamosi, saa 12 asubuhi.

"Kuna swali?"

Kimya.

"Tumekubaliana?"

"Ndiyooo!" Na makofi juu. Mtendaji akaandika kwenye muhtasari kwamba wajumbe wameridhia kwa kauli moja. Nililala vizuri usiku ule.

Sasa baada ya ile Jumamosi ya watu 11, nilifanya kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka nainamisha kichwa. Nilitangaza faini ya shilingi 5,000 kwa kila kaya ambayo haikutoa mtu. Mtendaji, binti wa umri wa mwanangu wa pili, akaniambia taratibu tukiwa ofisini: "Mwenyekiti, faini hiyo haina sheria ndogo. Haijapita kwenye halmashauri ya wilaya." Nikamjibu kwamba karatasi zitafuata. Nikatuma mgambo.

Wakarudi na kuku watatu, sururu moja na baiskeli. Baiskeli ilikuwa ya kijana anayebeba machungwa kupeleka barabarani. Karia yake ilikuwa imeunganishwa kwa nondo ili ibebe matenga mawili, na mpira mweusi wa kufungia mzigo ulikuwa bado umeviringishwa hapo, mwisho wake umekatika ukafungwa fundo. Tukaiegemeza ukutani mwa ofisi. Ilikaa siku tisa.

Kila asubuhi ya siku hizo tisa alikuja bibi yake yule kijana. Alikaa ng'ambo ya njia, kwenye jiwe, akiitazama ofisi. Hakuleta malalamiko wala hakuingia ndani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Basi. Jua likipanda anajitanda kanga yake, anaondoka. Kesho yake yupo tena. Nimekaa chini ya mabomu Kongo, lakini nakiri kwamba kikongwe yule alinitoa jasho.

Usiku wa siku ya tisa mke wangu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, mimi nalalamika. Watu wa hapa wavivu, nasema. Wanapiga makofi, hawaji. Akaendelea kutoa mawe. Halafu akasema, bila kunitazama, "Jumamosi ni gulio."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Hukuniuliza. Uliuliza mkutano."

Yeye amekaa kijijini tangu 1997, akilea watoto na mama yangu, wakati mimi nahama kambi hadi kambi na kuja likizo na mkate. Yuko kwenye kikoba, anajua kila nyumba ina nini na inadaiwa nini. Usiku ule, ungo ukiwa mapajani, alinipa taarifa ambayo ningekuwa vitani ningemwita afisa mzima aje aisikilize. Jumamosi wanawake wote wako gulioni, na ndiyo siku wanayopata ada ya shule na chumvi. Mtaro wangu ulionyooka ulikuwa unapita kwenye makaburi ya ukoo mmoja, yale ya zamani yasiyo na saruji, yenye mawe tu na mimea. Nilikuwa nimepiga kigingi juu ya babu wa watu. Na kubwa kuliko yote, miaka ya nyuma kila kaya ilishachangia pesa za mabomba. Mabomba hayakuonekana. Mapato na matumizi hayakusomwa. Na aliyeshika zile pesa ni mmoja wa wazee wawili niliokaa nao meza ya mbele.

"Sasa ulitaka nani anyanyuke," akasema, "na nusu ya mkutano ni wakwe zake?"

Hapo nilikumbuka Kivu, mashariki ya Kongo. Mwaka 2013, Umoja wa Mataifa ulipounda ile brigedi ya kuingilia kati kwa azimio namba 2098, ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, nilikuwa miongoni mwa waliokwenda. Kwa sababu ya Kiswahili, sisi Watanzania ndio tulikuwa tunatumwa kuzungumza na raia. Kijiji kimoja kaskazini ya Goma tulisimama, tukauliza usalama ukoje, wanahitaji nini, waasi wamepita lini. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, akatujibu kwa Kiswahili chao: "Munauliza muko juu ya gari." Tukacheka. Gari likaondoka. Miaka saba baadaye, kitandani kwangu Muheza, ndipo nilipomwelewa.

Asubuhi nilichukua baiskeli kuirudisha. Tairi la nyuma lilikuwa limeisha upepo, kwa hiyo ikabidi niikokote, na nyumba yao iko juu kilimani, mwisho wa kijiji. Nikapita shuleni, nikapita kwenye mashine ya kukoboa, nikapita kijiweni. Kila mtu aliniona. Hakuna aliyesema kitu, na safari hii sikudhani kimya kile ni heshima. Nilipopiga hodi kijana akatoka, akasema "Karibu afande," akaishika baiskeli, akaminya tairi. Nikamwomba radhi. Yule bibi hakujibu. Aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka chini mbele yangu. Nikakaa.

Kuku wawili niliwarudisha vilevile, wa tatu alikuwa ameshaliwa na mgambo, nikamlipa mwenyewe. Sururu ikarudi.

Baada ya hapo nilihamia kijiweni. Kahawa kikombe shilingi 100, kashata pembeni, bao linachezwa tangu alasiri. Wiki mbili nilifungwa bao kila siku na wazee ambao nadhani walikuwa wanalipa kisasi. Daftari nililiacha nyumbani. Mtu akiona kalamu anabadilisha maneno. Na kijiweni penyewe hakuna anayekwambia kwamba pesa ziliibwa. Atasema, "Kuna mabomba hapa yalinywewa chai," wenzake watacheka, kete zitaendelea. Ukicheka nao na usiulize nani alikunywa, kesho utaambiwa lingine. Nilizoea taarifa fupi: nani, wapi, lini, wangapi. Hapa taarifa inakuja imezunguka shamba zima, na ukiikatisha inarudi ilikotoka.

Tulianza upya, na safari hii kwa vitongoji, kila kimoja peke yake, jioni. Wanawake walikaa na mtendaji siku ya Alhamisi bila mimi. Nilitaka kuhudhuria, akaniambia, "Mwenyekiti, ukija hawatasema," na nikashukuru kwamba ananiambia mambo usoni baada ya mimi kumpuuza lile la faini. Walichokitaka kikanishangaza kwa udogo wake: kilula cha bondeni kisogezwe hatua chache kutoka njia ya baa ya pombe za kienyeji, maana jioni mabinti hawatapita pale na ndoo. Ramani yangu haikuwa na baa.

Mtaro ukazunguka makaburi. Ikatugharimu roli mbili za bomba zaidi, na mstari wangu ukapinda kama nyoka. Siku ikawa Jumatano, kuanzia saa 3, watu wakishatoka shamba. Kabla ya kupokea hata shilingi moja, mtendaji akawa anasoma mapato na matumizi mwanzo wa kila mkutano, si mwisho watu wakiwa wamechoka. Karatasi ikabandikwa ofisini, msikitini na kanisani. Zile pesa za zamani hazikurudi, sitawadanganya. Hakuna aliyemtaja yule mzee hadharani. Ila mkutano wa pili alipofika hakuja mezani. Alikwenda kukaa kwenye madawati na wenzake, watu wakasogea kumpa nafasi.

Masika yakatukuta katikati, mtaro ukajaa tope, tukaanza tena Juni. Siku nzuri walikuja watu 150, siku mbaya 40. Kijiji kizima sijawahi kukipata hadi leo. Maji yalitoka Agosti, kilula cha kwanza ni kile cha bondeni. Kwanza yalitoka matope, halafu hewa, bomba likakohoa muda mrefu sana hivi kwamba fundi akaanza kuangalia pembeni, ndipo yakaja.

Wastaafu wenzangu wakinipigia simu, wengine wakiwaza uongozi wa mtaa au kijiji, huniuliza jeshi linasaidia nini. Linasaidia, tena sana. Kufika kabla ya muda. Kuandika. Kujua majina; mimi sasa najua majina ya kaya zote na ya mbwa wengi. Kwenda msibani mapema na kuondoka mwishoni. Kula cha mwisho. Kisichosaidia ni sauti. Mke wangu anasema bado naongea na mtu mmoja kama naongea na kombania, na wajukuu wakija likizo wakinisikia tu nauliza nani kamaliza sukari, wanajipanga mstari.

Kuna usiku mmoja tu ambapo ile sauti ilihitajika. Mwishoni mwa 2023, mvua za El Nino, kijito cha bondeni kilipanda saa 8 usiku. Nilipita mlango hadi mlango nikipiga kelele: tokeni, acheni vyombo, shuleni, sasa hivi. Hakuna aliyeomba mjadala. Kijana wa baiskeli alipakia watoto wawili kwenye ile karia, akawasukuma gizani, akarudi kwa wengine. Nyumba nne zilianguka, mtu hakufa. Asubuhi, watu wamelala madarasani, nikaanza kugawa kazi kwa sauti ileile ya usiku, na mama mmoja akaniambia, "Mwenyekiti, kumeshakucha." Nikanyamaza, nikaenda kutafuta kuni.

Ardhi ni habari ndefu, nitagusa tu. Alikuja mtu wa mjini anataka eneo kubwa kwa ajili ya mdalasini, na wajumbe wa halmashauri ya kijiji tulikuwa tumeshaona ni jambo jema. Mtendaji akatukumbusha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999: halmashauri haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Tukalipeleka mkutanoni nikiuliza kama kuna swali. Kimya. Safari hii sikuuliza kama tumekubaliana. Nikafunga ajenda, nikasema tutazungumza vitongojini. Ndani ya wiki nilijua kwamba eneo lile ndipo vijana wanapotegemea kupewa mashamba wakioa. Yule bwana alirudi mjini.

Mwaka 2024 sikugombea tena. Magoti yamechoka, na nilitaka anayefuata aombe kura nyumba kwa nyumba. Mkutano wangu wa mwisho ulikuwa Oktoba, wiki chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 27 Novemba. Nilidhani utakuwa wa kuagana, wake zetu walikuwa wamepika pilau. Ajenda ilikuwa ada ya ndoo kwenye vilula, kamati ya maji inaomba ipande. Nikaeleza, nikakaa.

Yule bibi wa jiwe akanyanyuka kutoka kwenye mkeka. Alishika fimbo, akajirekebisha kanga, akasema ada haipandi. Akasema koki ya kilula cha juu inavuja tangu Ramadhani na kamati inajua, maji yanayomwagika nani analipa? Akaniuliza mimi, kwa kunielekezea fimbo. Mwenyekiti wa kamati akasimama kujibu, akakatizwa na wawili. Kijana mmoja akasema bibi hajui bei ya koki. Bibi akataja bei ya koki, ya Muheza mjini na ya Tanga. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtendaji akawa anaandika mbio hadi akaishiwa ukurasa. Adhana ya magharibi ikasikika, pilau limepoa, na hakuna aliyekubaliana na mwenzake.

Tukaahirisha hadi Jumanne.